Msaada wakuu: kifaa cha kupima ngozi, cha kufyonza au durometa?

Kibao_Sinza: Habari za jioni wakuu. Niko mbioni kununua kifaa cha kupima ngozi, inavutika kiasi gani na inarudi vipi. Nimebaki na viwili: Cutometer ya Wajerumani, ile inayofyonza, na durometa ya mkono, ile inayobonyeza kusoma ugumu. Bei zao ni mbingu na ardhi. Pesa inatoka wiki ijayo, mwenye uzoefu anishauri.

MamaNasra: Mkuu, umeuliza nusu. Unampima nani? Mikunjo ya uso, makovu, au ngozi iliyokakamaa kwa ugonjwa? Sehemu gani ya mwili?

FundiVipimo: Cutometer, usijiulize mara mbili. Mdomo wa milimita 2 unasoma ngozi ya juu, wa 6 au 8 unashuka chini zaidi. Unafyonza kwa milibari 450 sekunde chache, unaachia, mchoro unakuonyesha ngozi ilivyopanda na ilivyorudi. Durometa inakupa ugumu tu, basi.

Bin_Kazimoto: Kama anachotaka ni ugumu, atalipia mchoro wa nini? Chukua durometa ya Shore OO, ile ya vitu laini sana, iweke wima, usiikandamize, soma. Ila penye mfupa karibu uwe macho. Ukiiweka kwenye ugoko unapima ugoko.

DadaViungo: Ngojeni niwasimulie. Nilisaidia utafiti fulani hapa mjini, kifaa cha kufyonza, kizima kabisa. Inatakiwa chumba chenye nyuzi 20 hadi 22, unyevu asilimia 40 hadi 60, na mtu atulie kama dakika 20 kabla ya kupimwa. Sasa huo ulikuwa Machi, Dar! Watu wanashuka kwenye daladala wanatiririka jasho, umeme unakatika, tunafungua madirisha, joto lote la nje linaingia. Kuna bibi mmoja asubuhi mkono wake ulisoma uzee, mchana ukasoma ujana. Tukashangilia, kumbe katikati alijipaka mafuta ya nazi aliyokuwa nayo kwenye mkoba. Halafu tukagundua mwenzangu anakandamiza kichwa cha kifaa kuliko mimi, kwa hiyo hata siku za baridi namba zetu hazikuwa zinalingana. Vipimo vya wiki tatu tulivitupa. Tangu hapo nikisikia mtu anasifia kifaa namuuliza kwanza kiyoyozi chake kikoje.

Kibao_Sinza: Samahani, nilisahau kusema. Ni kliniki ndogo ya mazoezi ya viungo. Wagonjwa ni wa makovu ya moto na keloidi (makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda), nataka kuona kama plasta za silikoni zinalainisha. Kiyoyozi kipo, ila kinavuja.

MamaNasra: Ungeanza na hilo mwanangu! Kovu lenye mabonde linapitisha hewa pembeni, mfyonzo haushiki. Chukua durometa, na kila mara pima pia ngozi isiyo na kovu ya upande wa pili ulinganishe. Mbona wenye ngozi ya kukakamaa wanapimwa kwa vidole tu: sehemu 17 za mwili, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 51. Bure.

FundiVipimo: Mama, hiyo ni ya skleroderma, ule ugonjwa wa kukakamaza ngozi, si ya keloidi.

MamaNasra: Nimesema ni ya keloidi? Nimesema vidole havina bei.

Injinia_Mbagala: Mnaiongelea ngozi kama bati. Ukiivuta, ukiifyonza, ukiibonyeza au ukiizungusha, kila njia ina namba yake ya ukakamavu, kuanzia kilopaskali hadi megapaskali (mara elfu zaidi). Kolajeni, zile nyuzi zinazoishika ngozi, imejikunja, ukivuta kidogo inalegea tu, ikishanyooka ndiyo inakaza. Tena ina mwelekeo. Langer, mwanaanatomia wa Vienna, mwaka 1861, alitoboa ngozi za maiti kwa kitu cha mviringo, matundu yakatoka marefu. Ukigeuza kipande unachokivuta, jibu nalo linageuka.

Bin_Kazimoto: Injinia, mwenzio anataka kununua kifaa, hafanyi mtihani.

Chipukizi_Tmk: Na mkorogo je? Krimu zenye steroidi zinafanya ngozi iwe nyembamba kama manda za sambusa. Uliza mgonjwa anapaka nini kabla hujaisifu plasta.

DadaViungo: Hatakwambia. Atasema sabuni ya kawaida tu.

Chipukizi_Tmk: Dada umenichekesha, shangazi yangu huyo huyo.

Kibao_Sinza: Asanteni. Bado naitamani Cutometer, ila naona kiyoyozi kitangulie. Nani ana fundi mzuri maeneo ya Sinza?

Bin_Kazimoto: Nina mmoja Kijitonyama, nifuate pembeni. Akikwambia gesi imeisha, mwambie akaangalie tena.