Mjadala: Katika gemu za kutisha, hofu huletwa na madoido ya maandishi au na toni?

Ndugu wachangiaji, mwenzetu aliyetangulia anashikilia kwamba gemu ya kutisha ambayo herufi zake hazitetemeki, hazichuruziki damu wala kuvurugika ghafla haiwezi kumtisha mchezaji wa leo. Napinga. Kinachotangulia ni toni, yaani hisia inayobebwa na namna maneno yalivyoandikwa, na madoido huuma pale tu yanapovunja utulivu ambao maneno yenyewe yamekwisha kuujenga.

Tuitazame shajara ya mtunza wanyama katika Resident Evil ya mwaka 1996. Inaanza na mambo ya kawaida kabisa, kucheza karata na wenzake wa kazini. Kisha, kadiri maambukizi yanayogeuza watu kuwa mazombi yanavyomwingia, sentensi zinafupika, sarufi inaporomoka, na mwishoni yanabaki maneno mawili matatu ya mtu anayewashwa mwili huku akisifia utamu wa alichokula. Herufi hazikusogea hata kidogo. Ni msomaji anayelazimika kukisia yaliyotokea kati ya tarehe moja na nyingine, na makisio yake humtisha kuliko picha yoyote.

Undertale ya mwaka 2015, ambayo wala haihesabiwi miongoni mwa gemu za kutisha, inazidi kuthibitisha hoja hii. Wahusika wake wakuu wana milio yao inayosikika herufi zinapojitokeza, na mmoja wao, Sans, ni wa mizaha tangu mwanzo. Siku anapomtamkia mchezaji tishio wakiwa mezani, mlio unakatika na maneno yanatoka polepole. Hayo ni madoido, nakubali, lakini yasingekuwa na uzito kama hatungalikuwa tumezizoea porojo zake.

Najua nitajibiwa kwa Doki Doki Literature Club ya mwaka 2017, ambamo maandishi huharibika waziwazi yakawa alama zisizosomeka. Hata huko, sehemu ndefu ya kwanza imeandikwa kwa lugha nyepesi ya mapenzi ya shuleni (nyepesi hadi kuchosha, kwa maoni yangu), na bila wepesi huo vurugu ile ingedhaniwa kuwa hitilafu ya programu.

Isitoshe, maandishi yanayotikisika huwatesa wenye ugumu wa kusoma, kwa hiyo ni haki wapewe njia ya kuyatuliza. Anayepinga na atutajie gemu moja yenye maneno dhaifu ambayo iliokolewa na madoido peke yake.