Tupeane uzoefu: ulikuzaje mtaji wako wa poka kwa mashindano ya mtandaoni?

Kopa Saba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila wiki kuna mtu anauliza kama kweli poka ya mtandaoni inaweza kumtoa mtu kwenye sifuri, na majibu ni yale yale mawili: "utaliwa" au "juzi nimepiga dola 500". Naomba tuzungumze yaliyo katikati. Kama umekuza mtaji kwa mashindano, au ulijaribu ukakufia mkononi, funguka: ulianza na ngapi, ulikuwa unaingia ya kiingilio gani, ilichukua muda gani. Aliye chini ya miaka 18, uzi huu haumhusu.

Naanza mimi. Nilianza 2019 nikiwa Mbagala, na miezi mitano ya kwanza sikuweka hata senti. Nilicheza friroli tu, yale mashindano ya bure ambayo maelfu ya watu wanagombea dola 100. Unakesha saa nne, unamaliza wa 40, unapewa senti 50. Mwezi wa tano nikawa na dola 11.40. Siku hiyo nikanunua kaunta buku, nikachora safu tano: tarehe, kiingilio, idadi ya watu, nafasi niliyomaliza, mtaji uliobaki.

Sheria yangu ilikuwa viingilio 100. Una dola 11, unacheza ya senti 10. Ukifika dola 110, ndipo unaruhusiwa ya dola 1.10. Ukishuka chini ya viingilio 80 unarudi kule kwa senti bila kubishana na mtu. Nimerudi chini mara nne. Mwisho wa 2021 nilikuwa na dola 640. Ukizigawanya kwa miezi ni hela ndogo, na sitaki mtu aache kazi kwa sababu ya uzi huu. Lakini zilitoka kwenye sifuri, na kila senti imeandikwa.

Wazo la kuingia kwa asilimia ndogo tu ya mtaji (viingilio 100 ni asilimia 1 kila kimoja) nililitoa kwa Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa poka wa mwaka 2000. Mwaka 2006 alianza na sifuri kwa makusudi, akafika dola 10,000 mwaka uliofuata. Kwenye mashindano ya watu wengi hakutoa zaidi ya asilimia 2 ya mtaji wake, isipokuwa yale ya dola 1 kushuka. Na huyo ni mtu aliyekuwa na mamilioni nje ya ile akaunti. Alihangaika miezi na visenti kama sisi.

Jambo jingine watu hawalihesabu: ile senti 10 ya juu kwenye dola 1.10 ni ya wenye nyumba, yaani tovuti yenyewe. Ukicheza mara 100 umeshawalipa dola 10, ushinde usishinde. Lazima uwe bora kuliko wenzako kiasi cha kufidia hiyo kwanza.

Karibuni.

Mvuvi wa Usiku

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi niko Mwanza, yangu ni ya umeme.

Shindano la dola 2.20, watu 1,412. Nimefika meza ya mwisho, tumebaki tisa, mimi wa tatu kwa chipsi (zile sarafu za mezani). Saa saba usiku na dakika kadhaa. Nimegawiwa Malkia wawili, wa kopa na wa shupaza. Jamaa mwenye chipsi chache anasukuma zote mbele. Kidole kiko kwenye kitufe cha kukubali, giza. Mtaa mzima. Ruta imezima, nahamia data ya simu, bando limeisha. Nikatoka na kandambili kutafuta vocha, kila duka limefungwa. Nikamgongea jirani yangu, mama mtu mzima, akaniamkia mlangoni na tochi akidhani kuna msiba. Akanirushia intaneti ya simu yake bila kuuliza swali. Mungu ambariki.

Niliporudi mezani, mfumo ulikuwa umenitupia karata kila mzunguko, na blaindi, yale madau ya lazima, zimenila zaidi ya nusu. Nikatoka wa sita, dola 84. Wa kwanza alichukua dola 470. Mtaji wangu wote wakati ule ulikuwa dola 190, kwa hiyo ile tofauti ilikuwa kama miezi minane ya kazi.

Tangu hapo sianzi shindano bila pawabenki iliyojaa, laini mbili za mitandao tofauti na bando la usiku kwenye zote. Gharama ya bando naiandika kama kiingilio. Ukicheza ya senti 25 na bando la shilingi 1,000, bando ndilo kiingilio chako kikubwa.

Mkulima Thika

Hamjambo. Nitasema ukweli wangu kwa sababu Kopa Saba ameomba na walioangushwa waseme.

Nilijenga kutoka dola 20 hadi 210 kwa mwaka mmoja, nikifuata asilimia vizuri. Kisha Jumapili moja nikaingia ya dola 5.50, watu karibu 900, nikamaliza wa pili. Dola 530. Usiku mmoja nikawa na 740. Nilijiambia sasa mimi si mchezaji wa dola moja tena, nikaruka hadi ya dola 55. Pigeni hesabu: hivyo ni viingilio 13 tu. Nilicheza yote 13, nikaingia kwenye malipo mara moja, dola 90. Zikabaki 115, nikaingia mbili tena. Siku tisa, nikabaki na dola 5.

Hapo bado ningesimama. Badala yake nikachukua pesa ya kodi ya nyumba, shilingi 6,500 za Kenya, nikaiweka ili nirudishe. Nilicheza hadi alfajiri nikiwa na hasira, karata ambazo siku ya kawaida nazitupa bila kufikiri nilikuwa naingia nazo chipsi zote. Mke wangu alijua mwenye nyumba alipompigia simu yeye. Ile sauti aliyoniuliza nayo, ya chini, bila kelele, bado naisikia.

Sijacheza tangu 2022. Nasoma tu. Ninachojua ni kwamba mtaji wa poka na pesa ya nyumba zikigusana hata mara moja, kinachochezwa si poka tena.

Dada wa Leicester

Kaka Thika, pole sana, na umefanya vyema kusema. Mdogo wangu alipita njia hiyo hiyo. Hapa Uingereza tuna GamStop: unajiandikisha mwenyewe, na kampuni zote za mtandaoni zenye leseni ya hapa zinakufungia kwa muda uliouchagua. Yeye alichagua miaka mitano. Na tangu Aprili 2020 kadi ya mkopo hairuhusiwi kwenye kamari ya mtandaoni. Walioko nyumbani msitegemee kinga kama hizi, jiwekeeni yenu. Mimi nina akaunti ya benki ya pembeni isiyojua mshahara wangu unaingia lini, na kadi yake anaiweka mume wangu.

Nacheza nikitoka zamu ya usiku, hasa mashindano ya meza moja ya watu tisa. Yanalipa watatu: nusu, asilimia 30, asilimia 20. Hupati donge nono hata siku moja, lakini ni dakika 50 na usingizi wako uko palepale. Kwa mtu mwenye kazi na watoto, naona ndiyo njia nzuri zaidi ya kupanda, hata kama ni polepole.

Ree ya Pau

Jamani, kabla hujaanza, hakikisha jina la akaunti ni lile la kitambulisho, herufi kwa herufi. Mimi nilijisajili kwa jina la mtaani. Siku ya kutoa dola 160 nikaambiwa tuma kitambulisho, majina hayafanani, akaunti ikafungwa wiki saba. Nilizipata, lakini nilikuwa nimeshaziaga. Tuma vitambulisho ukiwa na dola 2, usisubiri uwe na 200.

Kijana Mbezi

Wakuu shikamooni. Je, satelaiti, yale mashindano madogo yanayotoa tiketi ya shindano kubwa? Yule Moneymaker si alitoka huko?

Mzee wa Friroli

Marahaba kijana. Ni kweli, Chris Moneymaker, 2003: aliingia satelaiti ya dola 86, akapata tiketi ya shindano la dola 10,000 Las Vegas, akawashinda watu 838 na kuchukua dola milioni 2.5. Baada ya hapo dunia nzima ikaingia mtandaoni. Ila angalia alichokipata kwenye satelaiti: tiketi. Haiingii kwenye mtaji wako, na shindano lenyewe mtaji wako usingeliweza.

Ukizicheza, jua kwamba ni mchezo mwingine. Tiketi kumi zikitolewa, wa kwanza na wa kumi wanapata kitu kile kile. Nimewahi kutupa Ree mbili, mkono bora kabisa wa kuanzia, tukiwa tumebaki kumi na mmoja, kwa sababu kulikuwa na mtu amebakiwa na chipsi za blaindi moja. Mikono ilitetemeka. Mizunguko miwili baadaye akatoka, nikapata tiketi.

Na jingine, msiweke mtaji wote kwa kampuni moja. Aprili 15, 2011 serikali ya Marekani ilikamata anwani za tovuti za kampuni tatu kubwa za poka kwa siku moja. Waliokuwa na pesa Full Tilt, moja ya hizo tatu, walio nje ya Marekani walisubiri hadi Novemba 2012, na Wamarekani walianza kulipwa 2014. Wengi wao hawakuwa na kosa lolote la uchezaji. Mtaji ulikuwepo kwenye kioo tu.

Kijana Mbezi

Asante mzee. Swali la mwisho kwa mwanzisha uzi: nimecheza 22 mfululizo za senti 25 bila kulipwa hata moja. Nina dola 19. Niache au niendelee?

Kopa Saba

Mdogo wangu, mashindano mengi hulipa kama watu 15 katika kila 100. Chukua hiyo hata kama wewe ni wa kawaida tu: mafungu 100 ya mashindano 20, kama manne hivi utatoka kapa yote 20. Yangu marefu zaidi ni 31, yako ukurasa wa 14 wa daftari, Februari hadi Machi 2020. Kwa hiyo 22 peke yake haisemi kama unacheza vibaya.

Dola 19 zina viingilio 76 vya senti 25. Kwa sheria yangu unashuka hadi ya senti 10 leo hii. Pumzika kesho, kisha fungua kumbukumbu za zile 22 uangalie mkono uliokutoa kila mara. Ziandike hapa tano za mwisho: ulikuwa na karata gani, chipsi ngapi, blaindi ngapi. Tutaziangalia pamoja.