Naomba ushauri: kumhoji mwandishi wa riwaya kwenye televisheni

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Nimepewa dakika 12 kwenye televisheni ya mkoani kwetu kumhoji mwandishi wa riwaya. Kitabu nimekimaliza, kurasa za kuulizia nimezikunja pembe. Shida ni maswali yangu: "wazo ulilipata wapi", "una ujumbe gani kwa vijana". Mwandishi gani hajachoka nayo?

Nimetazama mahojiano ya Brian Lamb, kipindi cha vitabu cha Booknotes kwenye televisheni ya C-SPAN, Marekani (1989 hadi 2004). Mgeni mmoja, saa nzima, maswali mafupi tu: uliandikia wapi, kitabu umekitabaruku kwa nani, kisha ananyamaza. Napenda sana, ila mimi nikinyamaza hivyo mtayarishaji ataanza kunionyesha vidole nyuma ya kamera.

Mliowahi kuhoji au kuhojiwa: nimtumie mgeni maswali mapema, au atakuja amekariri majibu? Na kwa kuwa riwaya ina siri mwishoni, nimwombe asome sehemu gani hewani bila kuwaharibia utamu ambao hawajaisoma?

Tunarekodi Alhamisi. Natanguliza shukrani.