Mrejesho: simu darasani

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza jinsi ya kudhibiti simu bila kuzipiga marufuku, maana tunazihitaji kwa majaribio ya mtandaoni.

Nimefuata ushauri wa mfuko wa ukutani wenye vipochi vya namba. Simu inazimwa kabisa, inaingia kioo kikitazama ukuta. Kuiweka kimya hakutoshi, mtetemo wa moja tu unageuza vichwa vya darasa zima. Kipochi kitupu kinaonekana palepale.

Majaribio ndiyo yaliyokwama: simu 40 kwenye hotspoti ya simu moja, nyingi zikagoma, kwani kikomo huwa vifaa 10 hivi. Sasa kila wanafunzi wanne wanatumia simu moja, inakwenda vizuri. Simu ya pili inayofichwa begini bado sijaipatia dawa.