Tulilipia meli ya msafara hadi Mahale, tukapakiwa kwenye boti ya mizigo: kampuni hii ya Kigoma iturudishie fedha zetu

Wanajukwaa, salaam.

Ninaandika haya nikiwa na hasira ambayo siku tisa tangu turudi nchi kavu hazijaipunguza. Sisi ni walimu kumi na wawili wa shule moja ya sekondari hapa Kigoma. Kwa miezi kumi tuliweka fedha kidogo kidogo katika kikoba chetu kwa lengo moja tu, nalo ni kumuaga mwenzetu aliyestaafu mwezi Aprili, mzee aliyefundisha Baiolojia katika mkoa huu kwa zaidi ya miaka thelathini, akawaeleza wanafunzi habari za sokwemtu mwaka hadi mwaka, bila yeye mwenyewe kujaliwa kumwona hata mmoja porini. Tulitaka awaone katika hifadhi ya Gombe, kisha ya Mahale. Kampuni moja ya utalii yenye ofisi mjini hapa, ambayo jina lake silitaji kwa sasa kwa kuwa malalamiko yetu yako mezani kwa wahusika, ilituahidi safari hiyo kwa siku nne katika meli ya msafara, yaani meli ndogo ya kitalii inayopeleka watu sehemu za mbali, ikapokea shilingi 780,000 kwa kila mtu, yaani shilingi 9,360,000 kwa sisi sote, na ikatupa kitu kingine kabisa.

Naanza na kipeperushi, kwa sababu uongo ulianzia hapo. Kilikuwa na picha ya meli nyeupe iliyosimama mbele ya ukuta wa barafu, na chini ya picha hiyo yaliandikwa maneno "Fiodi za Tanganyika". Mimi nafundisha Jiografia. Fiodi ni bonde lililochongwa na barafuto, kisha barafu ilipoyeyuka na kurudi nyuma, bahari ikaingia na kulijaza. Ndivyo zilivyo zile za Norway, Alaska na Chile. Ziwa letu halikuchongwa na barafu. Liko katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ilipasuka na kudidimia, na ndiyo maana milima inashuka moja kwa moja majini na kina chake kinafika mita 1,470, kina kinachozidi kile cha Sognefjord, fiodi ndefu kuliko zote Norway. Ziwa lenye sifa hiyo halihitaji kuazima jina la mahali pengine ili lipate wageni. Nilimwambia hivyo wakala wa kampuni, naye akanijibu kuwa picha ni ya mfano tu, lakini meli yenyewe ni ya aina hiyo hiyo: vyumba vinane, abiria wasiozidi ishirini, boti mbili za mpira za kushushia watu ufukweni, na mtaalamu wa wanyama atakayekuwa nasi muda wote. Aliyaandika hayo kwa ujumbe wa simu, na ujumbe huo ninao.

Siku ya safari tuliambiwa tufike kwenye mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, saa kumi na mbili asubuhi. Tulifika. Chombo tulichokikuta kilikuwa boti ya mbao ya kubebea mizigo, iliyofunikwa turubai, yenye viti vya plastiki vilivyopangwa juu ya mifuko ya saruji ya mtu mwingine. Hapakuwa na chumba hata kimoja, wala choo. Tulikuwa abiria arobaini na sita. Nilihesabu jaketi okozi mara mbili, kwa sauti, mbele ya msimamizi wa kampuni: zilikuwa kumi na tisa, na mbili kati yake kamba zake zilikuwa zimekatika. Msimamizi aliniambia kwamba nyingine zinakuja. Hazikuja, na tuliondoka saa nne.

Watu wa Kigoma hatuhitaji kufundishwa tofauti kati ya meli na boti ya mizigo. Meli ya Liemba ililetwa kutoka Ujerumani ikiwa vipande, vipande hivyo vikasafirishwa kwa reli, na ikaunganishwa hapa hapa, ikashushwa majini mwaka 1915. Ilizamishwa mwaka uliofuata, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Kuna familia katika mji huu ambazo babu, baba na mwana wamefanya kazi ya maji. Anayetuonyesha boti ya kubebea saruji na kutuambia kuwa ndiyo meli ya msafara anatudharau, na dharau hiyo iliniuma kabla hata hatujaondoka.

Gombe si mbali. Kutoka mjini ni kilomita zipatazo 16 kuelekea kaskazini. Hapo ndipo Jane Goodall, mtafiti wa sokwemtu, alipofika Julai 1960 na kuanza utafiti ambao haujakatika hadi leo, na mzee wetu alikuwa akitusimulia habari hizo njia nzima. Tulipofika tuligundua kuwa kampuni ilikuwa imelipia kiingilio cha watu ishirini tu kati yetu sote. Fedha za wengine ishirini na sita tulikuwa tumezitoa, risiti tunazo, lakini hazikufika hifadhini. Askari wa hifadhi walisimamia sheria yao kama inavyopasa, nami siwalaumu hata kidogo. Ninayemlaumu ni msimamizi wa kampuni, ambaye alianza kuchagua nani apande mlimani na nani abaki ufukweni, akianza na waliolipa kwa dola. Sisi walimu tulipewa nafasi tatu. Tulimwomba mzee achukue ya kwanza, akakataa, akasema vijana waende, kwa kuwa yeye atawaona Mahale. Alibaki ameketi juu ya gogo, barakoa yake imekunjwa mfukoni.

Kuhusu barakoa lazima niseme jambo zaidi, kwa sababu hili linamhusu kila mtu hata asiyejali fedha zetu. Sokwemtu wanaambukizwa magonjwa yetu. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwapata wale wa Gombe, na mwaka 2006 ugonjwa wa mfumo wa upumuaji uliingia katika kundi la Mahale linalofuatiliwa na watafiti, ukaua baadhi yao. Kwa sababu hiyo mgeni anatakiwa kukaa umbali wa mita kumi, kukaa nao saa moja tu, na kutokwenda kabisa akiwa na mafua au kikohozi. Kampuni haikutupa barakoa hata moja; sisi walimu tulikuwa nazo kwa kuwa mzee alikuwa ametuonya mapema. Katika wale ishirini alikuwepo kijana aliyekuwa akikohoa tangu Kibirizi. Nilimsikia msimamizi kwa masikio yangu akimwambia, "Ukifika pale bana kikohozi, wasikusikie." Mwenzetu mmoja alimweleza askari, kijana akazuiwa, na msimamizi akatugeukia sisi na kutuita wachochezi. Mtu anayefanya biashara kwa kuonyesha wanyama hawa alikuwa tayari kuwapelekea ugonjwa ili asirudishe kiingilio cha mtu mmoja.

Usiku ule, ambao kwa mujibu wa ratiba tulikuwa tumelipia vyumba vya melini, tulirudishwa Kibirizi, na kila mmoja akaenda kulala nyumbani kwake. Abiria kumi na watano hawakurudi asubuhi. Sisi tulirudi kwa sababu mbili: mzee alikuwa bado hajaona sokwe, na mwenye kampuni mwenyewe alitupigia simu na kutuhakikishia kuwa meli tuliyoahidiwa ilikuwa ikitusubiri upande wa kusini, baada ya mlango wa mto Malagarasi. Tuliondoka saa tisa alasiri katika boti ile ile. Mtu yeyote anayelifahamu ziwa anajua kwamba Juni ni mwezi wa upepo wa kusini, na Mahale iko zaidi ya kilomita 120 kusini mwa Kigoma, kwa hiyo tulikuwa tukiuendea upepo uso kwa uso. Nahodha alilisema hilo kabla ya kung'oa nanga. Aliambiwa afanye kazi aliyolipwa.

Injini ilizimika baada ya giza kuingia, tukiwa tumekwisha kuupita mlango wa Malagarasi. Hapakuwa na meli yoyote ya kutusubiri. Hapakuwa na injini ya akiba, wala redio, wala fataki za kuomba msaada, na simu zetu hazikuwa na mtandao. Boti iligeuka ikalala ubavu kwa mawimbi, maji yakaanza kuingia, saruji ya chini ikalowa na kuzidi kuwa nzito. Tulikuwa watu thelathini na mmoja na jaketi zile zile kumi na tisa. Tuliwavalisha kwanza wanawake wawili waliokuwa na watoto, na watoto wenyewe, kisha wasiojua kuogelea, na wanaume wakakumba maji kwa ndoo mbili na sufuria la mpishi kwa zamu. Nilikuwa mwanafunzi mwaka 1996 wakati MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria na mamia ya watu wakafa, na picha za magazeti ya wakati ule zilinirudia zote usiku huo. Mzee alishika mkono wa mwalimu wetu mdogo kuliko wote, binti aliyeajiriwa mwaka jana, akamwambia, "Mwanangu, hesabu mawimbi, usiyatazame." Walihesabu pamoja hadi sauti zikawakauka.

Waliotuokoa ni wavuvi wa dagaa. Usiku haukuwa na mwezi, kwa hiyo walikuwa kazini na taa zao, na mmoja wetu alikuwa akiwasha na kuzima tochi ya simu kuwaelekea. Walitufikia yapata saa saba usiku, wakaacha nyavu zao, wakatufunga kamba na kutuvuta hadi kwenye mwalo wao. Walipoteza mapato ya usiku mzima. Tulipotaka kuwachangia asubuhi, mkubwa wao alisema, "Walimu, fedha hizo wapeni watoto wenu, majini hatuuziani uhai." Akina mama wa pale walitupikia uji na migebuka. Kurudi mjini tulijilipia nauli wenyewe, shilingi 15,000 kila mmoja, kwa sababu msimamizi wa kampuni alikuwa ameondoka alfajiri kwa pikipiki bila kuaga.

Sasa nije kwenye jibu la mwenye kampuni, maana ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Tulikwenda ofisini kwake tukiwa sita. Alitupa shilingi 60,000 kila mtu kama pole, kisha akasema, "Mwalimu, huu ni msafara, si hoteli. Kwenye msafara chochote kinatokea, na anayetaka raha akae nyumbani." Alilirudia neno msafara kama vile neno hilo linafuta deni.

Nataka alijibu hili hadharani. Meli ndogo za msafara anazoziiga katika vipeperushi vyake ndizo zinazobanwa na masharti kuliko vyombo vingi, kwa sababu zinakwenda mahali ambapo msaada uko mbali. Katika Antaktika watu wasiozidi 100 ndio wanaoruhusiwa kuwa nchi kavu kwa wakati mmoja mahali pamoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haiwashushi kabisa. Huko Svalbard, visiwa vya Norway karibu na Ncha ya Kaskazini, tangu mwaka 2025, chombo chenye abiria zaidi ya 200 hakiruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa, na mtu hatakiwi kumkaribia dubu wa barafuni chini ya mita 300, umbali unaoongezwa kuwa mita 500 kuanzia Machi hadi Juni. Ghuba ya Glacier Bay kule Alaska inapokea meli kubwa za kitalii mbili tu kwa siku. Barafu ikiziba njia, nahodha hubadilisha mwelekeo, na hakuna anayemlaumu, kwa sababu abiria aliambiwa tangu mwanzo kwamba njia inaweza kubadilika. Alichoahidiwa hakibadiliki: chombo kizima, boti za kushukia, kila mtu na jaketi yake, na mwongozaji anayeijua kazi. Upepo wa Tanganyika si kosa la mwenye kampuni, na hatumdai chochote kwa ajili ya upepo. Tunamdai kwa ajili ya injini moja, jaketi kumi na tisa, viingilio ambavyo hakuvilipa, na meli ambayo alijua kuwa haipo alipotupigia simu kutuambia inatusubiri.

Tumekwisha kupeleka barua TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kuhusu chombo kile, na nyingine Tume ya Ushindani, inayolinda wateja, kuhusu kipeperushi. Kwa kampuni yenyewe tunadai fedha yote ya sehemu ya Mahale, viingilio vya Gombe vya walimu tisa walioachwa ufukweni, na nauli ya kurudi mjini. Tunadai pia fidia ya usiku mmoja wa kazi kwa wale wavuvi, ambao wao wenyewe hawakuomba kitu. Shilingi 60,000 za pole tumezirudisha ofisini kwake mbele ya mashahidi.

Ninawaomba abiria wengine thelathini na wanne tuliokuwa nao Kibirizi siku ya kwanza, kama mnasoma hapa, mjitokeze na risiti zenu, hasa mliolipia Gombe mkaachwa ufukweni. Na kwa wale waliotoa malipo ya awali ya safari inayotangazwa mwezi ujao kwa kipeperushi kile kile chenye barafu: nendeni Kibirizi mkaombe kuonyeshwa chombo chenyewe, cheti chake cha ukaguzi na idadi ya jaketi, kabla ya kumalizia malipo. Kampuni tumeipa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya siku hiyo nitaweka hapa ujumbe wa simu, picha za boti na risiti zote kumi na mbili, pamoja na jina.