Kuna meli ya kitalii yenye utulivu mwezi wa tatu, au najidanganya?

BintiChumbageni (Houston)

Habari zenu, na wakubwa shikamooni.

Mama yangu yuko hapa kwangu, katoka Tanga, ana miaka 68 na karatasi zake za ukaazi wa Marekani ziko sawa. Hamu yake ni moja: apande ile meli kubwa anayoiona kwenye televisheni. Mimi ni nesi, na likizo niliyopewa ni kuanzia tarehe 13 Machi 2027 hadi mwisho wa mwezi. Haibadiliki. Nikiiacha, nyingine ni Septemba, na Septemba ni vimbunga.

Idi itakuwa imeshapita, kwa hiyo habari ya kufunga haipo. Tatizo ni kwamba ndiyo wiki za spring break, likizo ya wanafunzi wa Marekani. Jirani yangu alipanda safari ya usiku nne kutoka Galveston, bandari yetu ya hapa Texas, wakati kama huo, anasema bwawani maji yalikuwa hayaonekani kwa watu. Mama haogopi mawimbi, kakulia kwenye majahazi ya Pemba. Anachoogopa ni muziki wa kupasua masikio na walevi ndani ya lifti. Anataka aketi, aangalie maji, anywe chai, saa tatu usiku alale.

Nina kama dola 4,000 kwa sisi wawili, nauli ya ndege mbali. Nianzie wapi?

MzeeWaSame (Dallas)

Dada, ahirisha. Mwaka 2027 Pasaka ni tarehe 28 Machi. Ikiwahi hivyo, likizo za shule na za Pasaka zinabanana ndani ya mwezi mmoja. Ngoja wiki ya pili ya Aprili, meli inapungua watu na bei inalegea.

StuwadiMstaafu (Likoni)

Mzee wa Same kasema kweli, ila binti keshatwambia likizo haibadiliki. Basi tumsaidie na Machi yake.

Mimi nilikuwa stuwadi wa kebini kwenye meli za kutoka Florida, sasa niko nyumbani nafuga kuku. Ushauri wangu ni wa mtu aliyekuwa akitandika vitanda.

Angalia kwanza safari ina usiku mangapi, jina la kampuni baadaye. Mwanafunzi ana wiki moja na vijisenti. Atapanda ya usiku tatu, nne au tano, kwenda Bahamas au kisiwa cha Cozumel huko Mexico, akitokea Miami, Port Canaveral au huko kwenu Galveston. Ya usiku saba utamkuta na wazazi wake. Ya usiku kumi na zaidi haiwezi, maana chuo kitafunguliwa yeye yuko baharini.

Watakwambia kuna masharti ya umri. Yapo. Kampuni ya Royal Caribbean wanataka mtu awe na miaka 21 kama hana mkubwa wa kusafiri naye, na kampuni ya Carnival aliye chini ya 21 lazima awe na jamaa yake wa miaka 25 au zaidi. Yanasaidia kidogo tu, kwa sababu wa miaka 22 anapiga kelele vilevile, na hakuna sharti linalomzuia mtoto wa miaka tisa kubonyeza vitufe vyote vya lifti na kukimbia.

Nikueleze tofauti ilivyo. Safari fupi ya Machi, nikifungua kebini saa tano asubuhi, vijana wanne wamelala kama dagaa kwenye kopo, ndoo ya barafu imejaa makopo ya bia, taulo za bwawa zimelowa juu ya zulia, na kipande cha piza kimo ndani ya kiatu. Kebini ya jirani yao kuna mwalimu mstaafu ananiuliza kama naweza kumhamisha, na meli imejaa, sina pa kumpeleka. Safari ndefu, saa kumi na mbili alfajiri mzee keshakaa mezani karibu na maktaba anaunganisha fumbo la picha la vipande elfu moja. Ukikigusa kipande chake mtanuniana mpaka siku ya kushuka. Huyo ndiye mlevi wako.

Kwa hiyo tafuta kampuni ya Holland America au Princess, kutoka Fort Lauderdale huko Florida, safari za siku 10 au 11 zinazoingia Mfereji wa Panama. Meli inapandishwa kwa kujazwa maji kwenye malango ya Gatun hadi ziwani, mita 26 juu ya bahari, halafu inageuza na kurudi. Siku hiyo abiria wote wanagombania omo, yaani mbele ya meli, tangu giza. Mpeleke mama kwenye tezi, nyuma ya meli. Atapata kiti, na atayaona malango yakifungwa nyuma yake, jambo ambalo wale wa mbele hawalioni.

Kampuni ya Viking hawapokei aliye chini ya miaka 18, abiria wao hawafiki elfu, na kasino hawana. Utulivu upo, lakini bei itameza dola zako na kudai nyingine. Virgin Voyages nao ni miaka 18 kwenda juu, ila usidanganyike na hilo. Watu wazima ndio wanaokesha.

Sasa kebini, na hapa ndipo wengi hulia. Fungua ramani ya sitaha, yaani ghorofa za meli. Juu yako pawe na kebini, chini yako pawe na kebini. Ukiwa chini ya sitaha ya bwawa, kabla hakujapambazuka utasikia viti vikiburutwa. Juu ya ukumbi wa maonyesho, ngoma itakupanda miguuni. Na epuka kebini yenye mlango wa ndani wa kuunganisha na ya jirani. Mlango ule si ukuta, utamsikia jirani akikohoa.

UmmNasra (Toronto)

Shoga, mie nilimpeleka mama mkwe. Chakula waandikie mapema kabla ya safari, usingoje kupanda. Samaki na mboga hakosi, lakini nyama ya halali mpaka uiombe. Kibla kinahama kwa kuwa meli inageuka: kwenye televisheni ya kebini kuna stesheni ya ramani inayoonyesha meli ilipo na inakoelekea, sisi tulikuwa tukiangalia hiyo. Kwa upande huo wa dunia unaelekea kaskazini-mashariki.

Na karatasi! Usilipe kabla ya kuuliza kila nchi ya njiani inataka nini kwa pasi ya Tanzania, hata kama ana ukaazi wa Marekani. Mexico wanaikubali kadi ya ukaazi bila viza. Kolombia na Panama waulize wenyewe, upate jibu la maandishi. Kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano iwe kwenye mkoba wa mkononi.

BintiChumbageni

Mungu awabariki. Babu Stuwadi, Galveston ni mwendo wa saa moja tu kwa gari toka kwangu. Ya usiku saba haifai kabisa? Na kebini ya ndani ni rahisi, au nimtafutie yenye dirisha?

StuwadiMstaafu (Likoni)

Katikati ya Machi shule nyingi za Texas zinafunga kwa mpigo, kwa hiyo meli ya Galveston itakuwa mtaa wenu mzima umehamia majini. Panda ndege, fika siku moja kabla, ulale karibu na uwanja wa ndege wa Fort Lauderdale. Ufukweni usiende, vijana wamejaa huko.

Kebini ya ndani ni kiza totoro, mama akiamka alfajiri hatajua kama kumekucha. Mpe dirisha. Ila kwenye meli za Holland America kuna sitaha ya matembezi inayozunguka meli yote, chini ya mashua za uokozi, ina viti vya mbao na haina muziki. Hapo ndipo mahali pake pa chai. Sasa, baadhi ya kebini za dirisha zimetazama sitaha hiyohiyo, na watu watampitia puani tangu asubuhi. Shuka sitaha moja chini yake. Ukishaiona kebini, niandikie namba yake hapa na jina la meli kabla hujalipa, nikuangalizie.