Kufundisha mgomo wa mabasi wa Montgomery: igizo linafaa?

Swali: Mwalimu wa historia, Ohio

Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha historia ya Marekani katika shule ya sekondari, na baadhi ya wanafunzi wangu ni watoto wa familia zilizohamia huku kutoka Kongo na Burundi. Kila tunapofika kwenye ubaguzi wa rangi, wanaondoka darasani na picha ya mateso matupu, au wakiamini kwamba Rosa Parks, mwanamke Mweusi wa mji wa Montgomery, Alabama, alikataa kuinuka kitini ndani ya basi kwa kuwa alichoka miguu, na sheria zikabadilika. Nimefikiria kupanga viti kama basi na kuwapa nafasi za kuigiza, Weusi kwa Wazungu. Mnanishauri vipi?

Jibu la 1

Mwalimu, igizo hilo naomba uliache. Mtoto Mweusi anayeinuliwa kitini mbele ya wenzake anadhalilishwa tu, na anayemwinua huenda akauona mchezo. Chora basi ubaoni. Viti 10 vya mbele vilitengwa kwa Wazungu hata vikiwa vitupu; abiria Mweusi alilipa nauli mlango wa mbele, mara nyingi akaamriwa kushuka na kuingilia mlango wa nyuma, na wapo walioachwa kabla hawajaufikia. Tarehe 1 Desemba 1955 dereva aliwataka watu wanne wa safu moja wainuke ili Mzungu mmoja tu apate kukaa; Parks, mmoja wao, alikataa na akakamatwa. Waache wanafunzi wauhoji mchoro huo wenyewe.

Jibu la 2

Naunga mkono, ila ningeanza kabla ya Desemba, kwa sababu upinzani ule uliandaliwa. Mei 1954 Jo Ann Robinson, mhadhiri wa Alabama State College na kiongozi wa chama cha wanawake Weusi mjini humo, alimwandikia meya kumwonya kwamba watu wangeweza kususia mabasi. Machi 1955 Claudette Colvin, msichana wa miaka 15, yaani rika la wanafunzi wako, alikamatwa kwa kukataa kuinuka. Parks mwenyewe alikuwa ameshakuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, kwa miaka mingi. Usiku alipokamatwa, Robinson alichapa chuoni makumi ya maelfu ya vipeperushi vya kuwahimiza watu wasusie mabasi, na wanafunzi wake wawili wakasaidia kuvigawa. Bila kazi hiyo ya usiku mmoja, sidhani kama mabasi yangekuwa matupu Jumatatu iliyofuata, mgomo ulipoanza.

Mwalimu wa historia, Ohio

Ahsanteni sana, igizo nimeliacha. Je, ni mgomo au ni mahakama iliyoleta ushindi?

Jibu la 3

Vyote viwili, na usivitenganishe. Watu walisusia mabasi kwa siku 381, huku kesi ya wanawake wanne, Colvin akiwemo, ikifika Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyoamua Novemba 1956 kwamba kuwatenga Weusi katika mabasi ni kinyume cha katiba. Lakini usiishie hapo. Mabasi yalipigwa risasi baada ya ushindi, na Januari 1957 makanisa yakalipuliwa. Parks, aliyekuwa amepoteza kazi yake ya ushonaji, alihamia Detroit mwaka huohuo. Mambo hayo yanastahili kipindi kizima.